Chumba cha hoteli kwa mtu wa kiti mwendo: pima mlango kabla ya kulipa

"Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 34. Miaka mitatu iliyopita alianguka na bodaboda akaumia uti wa mgongo, karatasi za hospitali zimeandikwa T10. Mikono yake ina nguvu, anajisukuma mwenyewe kwenye kiti mwendo na anajihamisha kitandani bila msaada. Mwaka jana tulisafiri kwenda msibani. Nilipiga simu hotelini nikauliza kama wanacho chumba cha mlemavu, wakaniambia kipo, cha chini kabisa, hakina ngazi. Tulifika saa tatu usiku, kiti hakikupita mlango wa bafuni. Siku tatu alioga kwa beseni katikati ya chumba, na habari ya haja sitaki hata kuieleza. Tangu hapo hasafiri. Sasa mdogo wetu wa kike anaolewa Unguja, shughuli ni Kiembe Samaki, na kaka anasema tumwache nyumbani asije akatuharibia harusi. Nimeona hoteli nzuri Mji Mkongwe, ni ya gharama, wana vijana wengi wa kumbeba. Je, nilipe? Na nitajuaje kwamba safari hii hatudanganywi?"

Marahaba, mdogo wangu. Mimi si daktari, ni mtoa tiba kwa vitendo. Kazi yangu ni kumfundisha mtu aliyeumia namna ya kuoga, kuvaa, kujihamisha na kwenda chooni kwa mwili alionao sasa, kwa hiyo umeniuliza jambo ninaloshinda nalo kila siku. Jibu la swali la kwanza ni fupi: usilipe bado.

Sidhani kama mwaka jana mlidanganywa. Uliuliza kama kuna chumba cha mlemavu, na mtu wa mapokezi alipolisikia neno hilo akafikiria ngazi. Akaangalia chumba kisicho na ngazi, akakujibu kwa moyo mweupe. Hajawahi kumwona mtu akijisukuma kuingia bafuni, hajui kwamba safari inaishia mlangoni. Ukimuuliza mtu swali la ndiyo au hapana juu ya jambo asilolijua, atakujibu ndiyo, hasa kama ana chumba cha kuuza. Kwa hiyo safari hii usiwaulize kama chumba kipo, waulize sentimita ngapi.

Tuanze na mlango. Fundi akisema mlango ni wa 80, amepima ubao wa mlango, wakati mwingine amepima fremu nzima. Hakupima nafasi inayobaki mtu akipita. Mlango ukifunguliwa nyuzi 90, ule ubao wenye unene wa sentimita 4 hivi unasimama ndani ya nafasi hiyo hiyo unayotaka kupita. Kuna na ule ukingo wa fremu ambao mlango hugota ukifungwa, nao unakula sentimita moja au mbili. Mlango wa 80 unakuachia 74 au 75. Milango ya bafuni kwetu mara nyingi ni ya 70, kwa hiyo inabaki 64 au 65. Sasa chukua kiti cha kawaida chenye sehemu ya kukalia ya sentimita 45: kutoka ukingo wa nje wa gurudumu hadi ukingo wa nje wa pili, pamoja na zile pete za kushikia, utapata kama 63 hadi 67. Umeona? Kilichomfanya kaka yako aoge kwa beseni siku tatu huenda ni sentimita mbili za mbao. Mwonyeshe hesabu hii kwa kalamu na karatasi, kwa sababu wagonjwa wangu wengi hubeba aibu ya mlango kana kwamba miili yao ndiyo iliyokosea.

Hata kiti kikipita, vidole vyake vinahitaji nafasi. Anayejisukuma hushika pete kwa nje, na mlango wa kubana unachubua ngozi ya viungo vya vidole. Mimi husema uwazi halisi usipungue 75, na 80 ndiyo raha. Angalia pia anaujiaje mlango. Akiujia uso kwa uso, 75 inatosha. Lakini kama bafu liko ubavuni mwa kijia chembamba, palepale unapoingia chumbani, inabidi kiti kikate kona huku kikipita, na hapo hata 80 inaweza kugoma.

Kuna watu wataona hesabu hizi waende kununua kiti chembamba. Tafadhali msifanye hivyo. Kiti kinachobana nyonga za mtu asiyehisi chini ya kitovu, na T10 ndiyo usawa wa kitovu, kinamletea kidonda ambacho hatakisikia mpaka kiwe kimechimbika. Kiti kinafuata mwili wa mtu. Mlango ndio unaotafutwa.

Sasa tuingie bafuni, maana hapa ndipo hoteli nyingi zinapokwama hata zile zenye alama ya kiti mwendo mlangoni. Kiti cha kawaida kinahitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke kwa mkupuo mmoja. Usipolipata usikate tamaa, kaka yako mwenye mikono mizuri anaweza kuingia kinyumenyume na kutoka kwa mbele. Ambacho hawezi kukikwepa ni nafasi pembeni ya choo. Muulize anahamia upande gani, kulia au kushoto, maana kila mtu ana upande wake. Upande huo unatakiwa uwe na nafasi ya kuegesha kiti, sentimita 80 hadi 90, pasipo sinki wala pipa la taka. Kimo cha choo nacho kipimwe. Vyoo vingi vya kukaa vinavyouzwa madukani kwetu vina sentimita 40 hivi, wakati kiti mwendo pamoja na mto wake ni kama 50. Kushuka ni rahisi. Kupanda ndiko anakoinua mwili mzima kwa mabega sentimita kumi, mara kadhaa kwa siku, na mabega yake ndiyo miguu yake sasa. Kimo cha 45 hadi 48 kinamfaa zaidi. Na lile bomba la mkono la kujisafishia, hakikisha linafikika akiwa ameketi. Nimeona limetundikwa nyuma ya choo, mahali ambapo hata mimi ninayetembea ninageuka kwa taabu.

Kuhusu vishikio vya ukutani nitakueleza kilichonitokea. Nilimsindikiza mgonjwa wangu wa zamani kwenye semina, hotelini wakatupeleka kwenye chumba walichokiita maalumu. Pembeni ya choo palikuwa na chuma kizuri kinachong'aa. Kabla hajakigusa nilikishika nikakivuta kwa mkono mmoja, skrubu mbili fupi zikachomoka pamoja na vumbi la plasta. Kilikuwa chuma cha kutundikia taulo. Angekiegemea yeye angeanguka kati ya choo na ukuta. Tangu siku ile, chuma chochote ukutani ninakiegemea mimi kwanza kwa uzito wangu wote. Fanya hivyo na wewe, kila mara, hata hoteli iwe ya nyota ngapi.

Kuoga: kitu kibaya kuliko vyote ni kile kibanda cha kioo chenye kizingiti cha sentimita 15 na mlango mwembamba. Beseni kubwa la kujilaza linafuata kwa ubaya. Mnachotaka ni sakafu iliyo sawa na bafu zima, maji yakielekea kwenye tundu la sakafuni, kama bafu la uani la nyumbani. Hapo nyumba ya wageni ya kawaida inaweza kuizidi hoteli ya kifahari, ndiyo maana gharama hainishawishi. Kiti cha kuogea bebeni chenu. Kile cha plastiki cha bustani kinachopendekezwa na kila mtu, miguu yake hutanuka ikiteleza kwenye vigae vyenye sabuni, na kingo zake ni ngumu kwa ngozi isiyohisi. Mkilazimika kukitumia, kiegemezeni ukutani na mtandike taulo iliyokunjwa mara mbili juu yake.

Na maji ya moto! Hita nyingi huchemsha hadi nyuzi 60 au zaidi, na maji ya joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache. Wewe ungeruka. Kaka yako atakaa pale pale na bomba likimwagia mapajani, atajua baadaye akiona malengelenge. Afungue maji ya baridi kwanza, aongeze ya moto, ajaribu kwa kiwiko au kifuani ndipo amwagie miguu.

Kitanda watu hukisahau. Kitanda cha hoteli cha siku hizi, boksi chini na godoro nene juu, kinaweza kufika sentimita 65 au 70. Unguja kuna na samadari, kile kitanda cha kuchongwa chenye nguzo, kinachopandwa kwa kibao. Ni kizuri kwa picha za bibi harusi. Kwa kaka yako kinachofaa kipo kati ya 48 na 55, chenye nafasi ya mita moja hivi upande wake wa kuhamia. Ajabu ni kwamba hili ndilo rahisi kurekebisha: ukiwaambia mapema wanaweza kutoa boksi wakabaki na fremu, au wakaleta godoro jembamba. Ukiwaambia saa tatu usiku, hakuna wa kufanya kazi hiyo.

Nakuja kwenye wale vijana wa kumbeba. Najua unaona ni ukarimu, na watakuwa wakarimu kweli. Lakini mtu mzima wa miaka 34 abebwe asubuhi akienda kunywa chai, abebwe akirudi, abebwe akitaka choo, mbele ya wageni wa harusi? Hiyo ndiyo "kuharibu shughuli" anayoiogopa, ila hakutaka kukwambia kwa maneno hayo. Zaidi ya heshima kuna mwili. Vijana wasiofundishwa hushika mtu kwapani na magotini, matako yanaburuzika kwenye kingo, ngozi inachubuka bila yeye kujua. Ngazi moja au mbili za mlango mkuu, kwa watu wawili wanaoelekezwa na yeye mwenyewe huku amekaa kwenye kiti chake, hilo ninalikubali. Chumba cha ghorofani bila lifti silikubali.

Ndiyo maana Mji Mkongwe nauwekea shaka. Naupenda mji ule. Lakini hoteli zake nyingi ni majumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa: mlango wa nakshi una kizingiti cha kuruka, ngazi ni za mbao na zimesimama wima, na vichochoro vingine gari halifiki, mtashushwa mbali msukume kiti juu ya mawe. Zipo zilizowekewa lifti, na kama hiyo uliyoiona inayo na vipimo vyake ni sawa, basi. Ila shughuli zenyewe ziko Kiembe Samaki, nje ya mji, jirani na uwanja wa ndege. Mimi ningetafuta kwanza huko huko, jengo jipya la tambarare ambalo teksi inasimama mlangoni. Ufukweni sikushauri kwa safari hii: vibanda vinapendeza, lakini kati ya chumba na chakula kuna mchanga, na magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye mchanga kama uma kwenye ugali.

Msidharau na nyumba ya ndugu. Upande wa bwana harusi wana nyumba nyingi, na huenda moja ina choo cha uani kisicho na kizingiti. Watawaonea haya kuwapa nyumba "ya kawaida" wageni wa bi harusi, kwa hiyo ulizeni nyinyi. Mlango ukibana kwa sentimita mbili au tatu, fundi anautoa kwenye bawaba kwa bisibisi robo saa tu, anatundika pazia zito, mnarudishiwa unene wote wa ule ubao. Nimeshawashauri wengi hivyo, wakakaa wiki nzima bila tatizo. Hata hoteli huweza kukubali wakiombwa kwa staha siku kadhaa kabla.

Sasa namna ya kuuliza. Piga simu siku ya kazi kati ya saa nne na saa sita mchana, wakati wahudumu wa usafi wako vyumbani na milango iko wazi. Jioni utapata mtu mmoja kaunta asiyeweza kuiacha. Kisha mtumie WhatsApp ujumbe kama huu: "Mgeni wetu anatumia kiti mwendo chenye upana wa sentimita 66. Naomba mtu apime kwa tepu ya fundi, na unitumie picha tepu ikionekana: uwazi wa mlango wa chumba na wa bafuni milango ikiwa imefunguliwa, kuanzia ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili, kimo cha choo, nafasi iliyo upande wa kulia wa choo (au wa kushoto, kama ndiko anakohamia), kimo cha kitanda pamoja na godoro. Naomba pia video fupi kuanzia gari linaposimama, kupitia mapokezi, hadi bafuni, bila kukata. Mkiwa na chumba kinachofaa naomba namba yake, na tuandikiane kwamba ndicho tutakachopewa." Namba ya chumba ina maana kubwa. "Chumba cha chini" vinaweza kuwa vinane na kimoja tu ndicho kinachofaa, na usiku huo kinaweza kuwa kimepewa mtu mwingine kwa sababu hakuna aliyeandika.

Video hiyo itakuonyesha ambayo hukuuliza. Wakikuonyesha njia ya mteremko mlangoni, hesabu ngazi zilizo kando yake. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa karibu mita mbili, ngazi mbili zinataka mita tatu na nusu na zaidi. Ubao wa mita moja uliolazwa juu ya ngazi mbili utampindua kwa nyuma.

Anayekataa kupima mshukuru uendelee na mwingine. Usimchukie, amekuokolea nauli.

Zile tovuti za kuweka nafasi zenye kisanduku cha "huduma kwa wenye ulemavu", zitumie kupata majina ya hoteli tu. Mara nyingi mwenye hoteli ndiye aliyeweka alama ile mwenyewe, na huenda alikuwa anafikiria maegesho ya gari. Ombi unaloandika pembeni wakati wa kulipa ni ombi, hawajakuahidi. Ndugu zenu walioko Marekani wakikwambia kwao ni rahisi, wanasema kweli kiasi: tangu Machi 15, 2012 kanuni za huko zinataka hoteli ieleze vifaa vya chumba husika na ikishike chumba hicho kwa aliyekiweka. Hata huko, chumba chenye alama kinaweza kuwa na beseni la kujilaza badala ya sakafu sawa, kwa hiyo nao huuliza.

Kwetu sheria zipo. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2006 na kuweka mpya mwaka 2022, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bara ikapata sheria mwaka 2010, zote zikizungumzia kufikika kwa majengo. Hazitaupanua mlango kabla ya harusi. Lakini mwandikie meneja wa ile hoteli ya mwaka jana, kwa upole na kwa namba, kwa mfano: mlango wenu wa bafuni una sentimita 64, ukiwekwa wa 90 utapitisha kila mtu. Wenye hoteli wengi hawajawahi kuambiwa hivyo. Na kwa Unguja, watafuteni Umoja wa Watu wenye Ulemavu Zanzibar au shirikisho lao, SHIJUWAZA. Mtu anayeishi Unguja kwa kiti mwendo anajua mlango upi unapita kuliko tovuti yoyote.

Boti nitaigusa kidogo. Daraja la kupandia huinama na kuinuka maji yakijaa na kupwa, na siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya maji Unguja hukaribia mita 4, kwa hiyo ulizeni saa ya boti ambayo maji hayajapwa sana, mfike mapema, muwaone mabaharia kabla ya msongamano. Mto wake wa kiti mwendo aukalie pia ndani ya boti, na ajiinue kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Kabla ya safari, wiki mbili au tatu, nataka aonane ana kwa ana na mtoa tiba kwa vitendo au mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali anayohudhuria. Simu haitoshi kwa hili. Amfanyishe mazoezi ya kuhamia kwenye kimo cha 60, magodoro yakipangwa, na kushuka kwenye choo cha 40. Kama kwa sasa anajihamisha kwenye kitanda kimoja tu alichokizoea, hilo lijulikane hospitalini, lisijulikane Unguja. Ngozi ya matako na ya mgongoni kwenye mfupa wa chini aikague kila usiku kwa kioo au kwa picha ya simu. Wekundu usiofifia nusu saa baada ya kuondoa uzito unamaanisha asikalie sehemu hiyo mpaka upotee. Ngozi ikifunguka, au akipata homa na mkojo ukabadilika harufu na rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo, harusi iwepo isiwepo.

Na mkifika, mizigo ibaki garini. Yeye asubiri mapokezi, wewe nenda chumbani na tepu. Pima mlango wa bafuni, egemea kile chuma, bonyeza godoro. Kikiwa sicho, dai namba mliyoandikiana ukiwa bado hujatia sahihi.

Leo jioni chukua tepu mpime kiti chake, akiwa amekikalia, kwa sababu mtu akikalia kiti magurudumu hutanuka kidogo chini. Andikeni upana, urefu hadi ncha za vidole vya miguu, na kimo pamoja na mto. Kesho saa nne mpe simu apige yeye mwenyewe. Anajua anahamia upande gani, na wakimuuliza choo kiwe upande upi hatahitaji kugeuka kukuuliza wewe.